Kitenzi cha Bi Thirza

Jumatatu, 3 Machi 1884
Barua ya Mhariri wa kamusi mpya ya Kiingereza! Vikaratasi vyangu mia mbili vya mifano ya maneno adimu kavikataa vyote. Eti wasomaji wa kujitolea wote wamemletea hayo hayo. Anachokosa ni mifano ya "get". Get! Neno nililowapigia watoto viboko miaka thelathini hapa Yorkshire wasiliandike. Bi Thirza wa posta kampelekea mifano arobaini, basi jina lake litachapishwa kwenye dibaji. Langu halimo. Sina mke, sina mtoto. Jina langu litabaki wapi kama si humo?

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda na get kutwa. Ajabu! Kupata barua, get. Kufika nyumbani, get. Kuzeeka, kuamka, kushikwa na mafua, kumwelewa mtu: get, get, get! Kitenzi kimoja, kazi za kijiji kizima. Nimemwandikia Mhariri kwamba bila shaka asili yake ni Kilatini.

Jumatatu, 10 Machi
Kilatini wapi! Mhariri anasema kililetwa na watu wa kaskazini waliotuvamia kwa mashua miaka elfu iliyopita. Na nduguye wa Kiingereza cha kale kajificha ndani ya "forget", kusahau. Nimelifundisha maisha yangu yote na sikumwona! Niliduwaa hadi uji ukaungua. Sasa Mhariri anataka maana mpya, lakini ziwe zimechapishwa kitabuni. Zimechapishwa? Ahaa!

Alhamisi, 13 Machi
Kijitabu changu cha kufuga nyuki kimetoka, bila jina la mwandishi. Ukurasa wa nne, get ni kutuliza nyuki kwa moshi. Maana hiyo niliitunga nikinyoa ndevu. Nimeacha nakala mbili posta ziuzwe, kionekane kitabu cha kweli. Kesho nitajifanya nimekigundua.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwisha! Bi Thirza kakisoma chote jana kabla ya chai ya jioni, na kikaratasi chake kimeshaondoka na barua za jana. Kanicheka: Mwalimu Holroyd, umechelewa baba! Kisha akauliza ni mjinga gani aliyekiandika, maana nyuki watamtoa macho. Nikakubali kwamba ni mjinga kweli.

Jumamosi, 22 Machi
Mhariri kamshukuru Thirza kwa maana mpya. Kijiji kizima kinampongeza. Nikisema kijitabu ni changu, nitaitwa mwongo. Nami nimempongeza, roho inaniuma.

Jumatatu, 24 Machi
Mhariri sasa anatafuta mifano ya "go", kwenda. Safari hii hanipati mtu! Nimeshaandika kitabu cha kufuga bata. Nakala mbili tu nimeziacha posta, zionekane.