Jodari Asiye na Chochote

Jumatatu, 3 Machi 1986

Marereni. Jua la kuchoma kisogo. Habari mbaya, na kaileta Meneja Musyoka mwenyewe: wiki ijayo mizani mpya inakuja, ya kisasa, inajiandikia yenyewe. Haihitaji karani. Karani ni mimi! Nikauliza huyo karani atapelekwa wapi. Akanyoosha kidole kwenye mashamba ya chumvi, kule watu wanakochota kwa beleshi kutwa nzima. Mimi, Nahashon Ndirangu wa Othaya, niliyesomeshwa kwa mbuzi wa mama! Visigino vyangu vimepasuka hapa hapa kwenye mizani. Huko ndani ya maji ya chumvi vitakuwaje?

Halafu neema. Wiki jana samaki wa kantini aliharibika juani kabla ya saa sita, shamba zima likaugua tumbo. Sasa Meneja anataka jodari wa mkebe. Nesi Hannah wa zahanati amekubali kwa sharti moja: awe jodari safi, asiyetiwa madawa wala makorokoro. Nesi atanunua aina tatu Malindi, na Jumamosi atakayemchagua vizuri atakuwa mkuu wa kantini. Kantini ina paa. Ina feni! Nikainua mkono kabla Meneja hajamaliza. Kugeuka, Ochola wa pampu, tunayelala naye chumba kimoja, naye kainua wake.

Tatizo dogo. Sijawahi kutia samaki kinywani. Kwetu, nilipokuwa mdogo, samaki tulimhesabu jamaa ya nyoka. Ochola amekulia Asembo, ziwani, kalelewa na samaki. Lakini hapa hakuna anayejua siri yangu. Kila siku ya samaki mimi husema nimefunga. Wananiona mcha Mungu sana.

Jumanne, 4 Machi

Mikebe imefika, kadhaa ya kila aina. Lebo nyekundu, lebo ya buluu, lebo ya kijani. Nesi Hannah kaipanga kwenye kabati la kantini, akatwambia tusome. Hakuongeza neno.

Nimesoma. Ya buluu: samaki, maji, chumvi kidogo. Basi! Nikageuza mkebe nikidhani maandishi yanaendelea upande wa pili. Hayaendelei. Ya kijani ni Kitaliano, nimewaachia Wataliano. Ya nyekundu ndiyo mambo: samaki, mafuta ya soya, supu ya mboga, sukari, kikolezo, halafu namba ndefu zenye herufi E mbele. Hizo E zilinitia wasiwasi, maana shuleni nilizifahamu sana. Lakini neno dawa sikuliona popote. Na bei ni ile ile! Sokoni mtu akikuongezea kiganja cha maharagwe, humshukuru? Nyekundu ndiyo mshindi.

Shida ni Ochola. Kasoma zote kimya, katabasamu, kaenda zake zahanati eti kuomba aspirini. Anasoma haraka kuliko mimi. Ataichagua nyekundu kabla yangu!

Nimempiga bao. Aliporudi kwenye pampu, niliitumbukiza mikebe yote kwenye ndoo ya maji nikabandua lebo. Sasa asome nini? Mimi nimejiwekea alama za chaki chini: nukta moja nyekundu, mbili buluu, tatu kijani. Nesi alipoiona mikebe uchi akauliza kulikoni. Nikamwambia ni jaribio la haki, lisilopendelea karatasi. Akanitazama muda mrefu, akasema haya, Bwana Ndirangu. Nadhani amevutiwa.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Nilimpa Mama Sidi shikamoo asubuhi, mpishi wetu, mama wa watu kutoka Adu, akaniitikia kwa furaha na kuniambia ameniokoa. Aliikuta mikebe inanata gundi, akaona aibu mbele ya Meneja, akaisugua yote kwa mchanga na majivu. Inang'aa. Unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Nikageuza mmoja. Nukta hakuna. Nikageuza mwingine. Hakuna! Nikauliza lebo ziko wapi. Lebo ziliwasha jiko la chai. Na mimi chai nimeinywa, vikombe viwili.

Nyekundu ni ipi? Nimejaribu kuitikisa sikioni, vile Dena wa getini alivyonifundisha kuchagua nazi. Yote inasema chwa chwa. Nikaipeleka kwenye mizani. Mizani ni ya magunia, mshale haukujisumbua hata kutingishika. Nikairudisha kabatini. Kichwa kinauma. Nimekwenda zahanati kuomba aspirini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kumtumia paka wa kantini. Mtaalamu wa kuzaliwa, hana upendeleo. Nikamfungulia mikebe mitatu, nikasimama pembeni nimeziba pua. Kala wa kwanza. Kala wa pili. Kala wa tatu, kalamba na kidole changu, kalala. Nimebaki nilivyokuwa, na mikebe imepungua.

Jioni nikamwuliza Nesi Hannah kwa ujanja, kana kwamba nauliza kwa niaba ya mtu mwingine, jodari mzuri anajulikanaje. Akasema ni rahisi: kadiri orodha ya kwenye lebo inavyokuwa fupi ndivyo anavyokuwa bora. Zile namba na vikolezo ndivyo vinavyoongezwa ili samaki adumu au apate ladha asiyokuwa nayo, na mwili hauna haja navyo. Hata chumvi, akasema, isizidi, hasa kwa wenye shinikizo la damu.

Nilikaa chini. Kumbe nyekundu ndiyo mbaya! Na nyekundu sijui iko wapi. Na nzuri sijui iko wapi. Siku mbili nzima nilikuwa namtafuta adui ili nimpe ushindi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupata usingizi, Ochola anakoroma kama pampu yake. Lakini alfajiri mwanga ukaja. Nani kasema lazima niujue mkebe? Kama kilichoongezwa ndicho kibaya, si nikiondoe! Nitafungua mkebe wowote, nitaosha samaki mpaka atoke kila alichotiwa: mafuta, sukari, E zote, na chumvi. Chumvi hasa! Nesi mwenyewe kaitaja. Ochola atakuja na jodari mwenye kitu. Mimi nitakuja na jodari asiye na chochote.

Nimeandaa na hotuba. Nimeifanyia mazoezi nyuma ya magunia. Dena wa getini alinisikia, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Yamekwisha.

Niliamka mapema, nikafungua mkebe, nikamwosha yule jodari kwa maji matamu ya zahanati, nikamkamua ndani ya leso yangu nzuri, nikamwosha tena mpaka maji yakatoka meupe. Shombo! Nzi wote wa Marereni walinisindikiza hadi uwanjani.

Watu walikuwa wamekusanyika, na Meneja kakaa kitini. Ochola alianza. Akafungua mkebe, akanusa, akaonja, akasema huu una mafuta ya soya na utamu wa kiwandani. Kauweka kando. Akafungua mwingine, akanusa, akaonja, akasema samaki, maji, chumvi kidogo, huu ndio wenyewe. Kakaa. Hotuba hana!

Nikasimama. Nikasema ndugu zangu, tumedanganywa. Kipo kitu kimoja kinachoongezwa kwenye chakula kila siku, kinaharibu damu, kinapasua visigino, nacho ni chumvi! Nikasema anayemtilia mwenzake chumvi anamchimbia kaburi. Watu wakatazama mabeleshi yao. Nyuma ya kiti cha Meneja kilima chetu cha chumvi kiling'aa juani, kirefu kuliko ofisi. Meneja akaniomba nirudie, huenda hakunisikia vizuri. Nikarudia. Kwa sauti zaidi!

Akasema vizuri sana, basi nitangulie kula mimi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikafumba macho nikameza kijiko kizima. Machozi yalinitoka. Nikasema ni mtamu. Meneja akaonja kidogo, akatema kwenye leso yake, akasema amekula pamba ya zahanati. Akaniuliza ni mkebe wa lebo gani. Nikasema la muhimu ni kilichomo. Akarudia swali. Nikasema sijui.

Ndipo Nesi Hannah akasimama. Akasema lebo zote alizisoma dukani kabla ya kununua, na alijua tangu mwanzo kwamba ya buluu ndiyo safi. Alichotaka ni kuona nani atasoma kabla ya kuwalisha watu. Ochola alimpa jibu Jumanne, kabla sijagusa ndoo. Jumanne! Kumbe wiki nzima nimeshindana peke yangu. Halafu akasema, bila ukali, kwamba yeye hawezi kumkabidhi matumbo ya watu mtu anayebandua lebo. Ukali ningeuvumilia. Nilitazama viatu vyangu mpaka watu wakatawanyika.

Ochola mkuu wa kantini. Feni yake.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani, bado nanuka. Nesi Hannah kapita mlangoni kaniachia kopo la mafuta ya mgando ya visigino. Akasema nipake kabla ya kuingia kwenye maji kesho. Niliona haya hata kumshukuru. Ochola kafua leso yangu, kaianika bila kuniambia.

Jumatatu, 10 Machi

Beleshi ni zito kuliko linavyoonekana. Mizani mpya imefika, inalia ti ti ti, haichoki. Maji ya chumvi yaliniingia kila ufa wa mguu, nikaimba nyimbo zote za kanisani nizijuazo. Kufika saa sita viganja vimetumbuka.

Chakula kikaletwa. Sima na jodari wa lebo ya buluu, mkebe mzima, lebo haijabanduka mahali popote, Ochola kaupitisha mkono kwa mkono kila mtu aione. Akanipakulia mara mbili ya wengine. Akasema omera, ndugu yangu, leo usifunge. Kumbe alijua siku zote!

Njaa haikunipa nafasi ya kukumbuka nyoka. Nikala. Si mbaya, lakini kapooza. Nikainama, nikaokota punje za chumvi pale miguuni, nikanyunyiza. Nikaonja. Nikanyunyiza tena, zaidi kidogo. Jamani, utamu! Nimepoteza miaka mingi sana!

Hapo hapo nimepata wazo. Jodari wa buluu aongezwe chumvi yetu wenyewe, na sukari kidogo, na kikolezo. Meneja atafurahi mpaka anirudishie kivuli. Kesho asubuhi namwendea. Ila Ochola asije akaniibia siri: usiku huu nachukua ndoo, nabandua lebo zote za kantini.