Mkimtuza Mama Syokau, Nani Atanirudishia Ugomvi Wangu?

Kianda, Kibera,
Nairobi.
9 Oktoba 1986

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuwatuza Wapatanishi wa Kujitolea.

Bwana Mwenyekiti,

MINT: PINGAMIZI DHIDI YA KUTUZWA KWA MAMA WAWILI WALIONIPATANISHA BILA RIDHAA YANGU

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu aliyedhulumiwa. Mimi ni Shiundu, fundi seremala, mpangaji wa chumba cha nne katika ploti yetu hapa Kianda. Jumapili iliyopita lilisomwa tangazo kanisani kwamba mwezi ujao mtawatuza Mama Syokau, anayeuza mitumba Soko la Toi, na rafiki yake Nabwire, mshonaji wa nguo anayekuja huku kwa miguu kutoka mtaa wa Kongo kule Kawangware, kwa kuwa wamejenga amani bila malipo. Waumini walipiga makofi. Mimi nilikunja mikono. Naomba unisikilize kabla hamjachapisha vyeti.

Kwanza ujue nilikuwa na nini. Kwa miaka tisa nilikuwa na ugomvi na jirani yangu Ndeti, fundi wa bati kutoka Kitui. Mapaa yetu mawili yanamwaga maji katika pipa moja. Yeye alidai mvua ile ni yake kwa sababu pipa alilitengeneza yeye. Mimi nilidai ni yangu kwa sababu paa langu ni kubwa zaidi. Haukuwa ugomvi wa kuokota njiani, Bwana Mwenyekiti. Niliulea mwenyewe tangu ukiwa mchanga. Ulipofikisha mwaka wa saba, Waluhya wa ploti walikuwa upande wangu, Wakamba upande wake, na mtu akipiga chafya aliulizwa chafya hiyo ni ya upande gani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Waliingilia bila kualikwa. Jumamosi moja ya Aprili, baada ya mvua kubwa, tulitoka nje kuumaliza ugomvi huo kabisa. Sisi tulikuwa na mawe. Wao walikuwa na mawe pamoja na nyundo za Ndeti. Shemeji yangu Shivachi alishika panga. Mimi nilisimama mbele yao wote, maana ndiye niliyekuwa kamanda. Ndipo hao mama wawili wakapenya katikati yetu, mmoja na furushi la mitumba kichwani, wakasimama kando ya pipa. Mama Syokau akaomba makarai mawili. Moja akanipa mimi, la pili akampa Ndeti, akasema, "Haya, kila mtu achote maji yake. Asiguse ya mwenzake."

Niliinama, nikayatazama yale maji. Ndeti naye akainama. Tulikaa hivyo kitambo, makarai mikononi, kila mmoja akitafuta yake. Nabwire akaniuliza kwa Kiluhya, kwa upole kabisa, "Shiundu, yako yana alama gani?" Mtu akacheka huko nyuma. Shivachi naye akacheka, panga likamponyoka. Vita nilivyovitayarisha miaka tisa viliisha kwa kicheko, wala hakuna aliyeniomba ruhusa.

2. Nimevuliwa cheo. Zamani nikipita niliitwa Kamanda. Siku hizi naitwa Baba Musimbi, kwa jina la binti yangu, kama mtu yeyote tu. Mke wangu Jentrix, aliyekuwa mshauri wangu mkuu katika mambo ya matusi, sasa anaimba kwaya na Ndunge, mke wa Ndeti. Nikianza kumsema Ndeti tukiwa mezani ananikata, "Wewe kula, chakula inapoa."

3. Nimejaribu kuurudisha ugomvi, nikashindwa. Mwezi wa Juni, mchana kweupe, nilipanda kuusogeza mfereji wa paa ili mvua yote ije upande wangu. Ndeti akatoka. Nilifurahi, nikachagua tusi zuri. Yeye akaja akashika ngazi. "Baba Musimbi, hii ngazi yako inacheza, utaanguka." Akaishika mpaka nikamaliza kumwibia mvua yake. Utamtukana vipi mtu aliyeshika ngazi unayoikanyaga? Kesho yake niliurudisha mfereji mahali pake, naye akaja akaishika tena.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi wa Agosti cheche ya jiko iliangukia vumbi la mbao mlangoni pangu. Mimi nilikuwa Toi kununua misumari, na Jentrix alikuwa ameenda kutafuta dawa, kwa maana Musimbi alikuwa amelala ndani na homa. Niliporudi nilikuta moshi, na watu wa pande zote mbili wamepanga mstari kutoka kwenye pipa, wakipokezana maji bila kuulizana ni ya nani. Ndeti alikuwa ameketi chini, amempakata Musimbi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua kwa kushika komeo la mlango wangu. Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake ule mzima, nikalia mbele ya wapangaji wote.

Sasa nakuuliza, heshima yangu kama adui iko wapi? Mtu huyo hachukiki tena, hata nikiamka mapema kujaribu. Kama wale mama wangeniachia ugomvi wangu, Ndeti asingeugusa mlango wangu, na mkono wake ungekuwa mzima. (Kuhusu Musimbi ingekuwaje, hapo naomba kamati isiniulize.)

5. Haki za wagomvi. Wale mama mnawasifu kwa kujitolea. Je, mimi na Ndeti kuna aliyetuajiri? Miaka tisa tuligombana bila likizo, kwenye jua na kwenye mvua, hasa kwenye mvua. Bila sisi wangepatanisha nani? Mbuzi?

Kwa hivyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama wale mama waamriwe kunirudishia ugomvi wangu katika hali waliyoukuta nayo, ama wagomvi nasi tuketishwe jukwaani na tupewe vyeti, vikubwa kidogo kuliko vyao. Nimemsomea Ndeti barua hii. Ameunga mkono ombi la pili, ila anasisitiza jina lake lisikosewe kwenye cheti.

Nisalimie wanakamati wote, karani wenu, na yeyote anayewapikia chai. Jentrix na Ndunge wanawasalimu pia, ingawa wamekataa kuhusishwa na barua hii.

Ni mimi niliyelazimishwa kuwa na amani,
Shiundu,
Seremala (zamani Kamanda)

Nyongeza: Barua hii imechelewa siku mbili. Nilipokuwa natafuta stempu nilisikia kelele kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wapangaji wenzetu wawili, Nekoye na Waruguru, walikuwa wanang'ang'ania shuka moja. Nilitoka kutazama tu, maana nimekosa ugomvi siku nyingi. Sijui ilikuwaje, nikajikuta katikati yao, nimeishika shuka mimi, nawaomba wakae chini waseme mmoja mmoja. Walisema mpaka saa kumi. Mwishowe tukagundua shuka si ya yeyote kati yao, ililetwa na upepo kutoka ploti ya pili, wakaenda pamoja kuirudisha wakicheka. Hakuna aliyenilipa, uji wangu ulikuwa umeganda, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa namna ambayo naona haya kuiandika.

Basi hayo yote ya juu yafutwe, sherehe iendelee. Ila nawaomba jambo moja. Mama Syokau haoni vizuri kwa mbali, na yeye mwenyewe hawezi kuwaambia. Mumketishe mbele.