Giaboksi ya Kwendea kwa Mjukuu

Jumatatu, 9 Juni
Binti yetu amejifungua! Mtoto wa kike, kilo tatu na robo, ng'ambo ya ghuba. Mke wangu alianza kufungasha kabla simu haijakatwa. Kaka yake, yaani shemeji yangu mwenye boti ya kasi na miwani ya jua, akajitolea kumvusha Jumamosi. Nikakataa katakata. Atavuka na mashua yangu ya tanga, yenye injini yake ya dizeli. Shemeji akauliza kwa upole kama ni ile ambayo giaboksi yake imekufa. Ndiyo hiyohiyo. Miaka kumi na minne namwahidi mke wangu safari, na kila mara injini inatutia aibu kabla hatujang'oa nanga. Safari hii simwachii mtu. Mjukuu wa kwanza haji mara mbili.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwona fundi wa gatini. Mwanamke mdogo kuliko binti yangu, na hana maneno ya kupaka sukari. Kaeleza kwamba giaboksi na rafadha, yale mapanga ya chini ya maji yanayosukuma mashua, ni mke na mume: humbadilishi mmoja bila kumuuliza mwenzake. Giaboksi mpya ikipunguza mzunguko zaidi, rafadha itazunguka polepole, hivyo itatakiwa kubwa zaidi. Pia nitazame rafadha huzunguka upande gani mashua ikienda mbele. Nikamwambia hayo nayajua tangu zamani. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Nikajikunja chumba cha injini, uso ukielekea nyuma ya mashua. Giaboksi ya zamani bado inazungusha shafti, ile nondo ya kwenda kwenye rafadha, kivivu. Nikaitazama vizuri. Kushoto. Nikaandika kiganjani.

Jumatano, 11 Juni
Giaboksi imepatikana kwa muuza vyuma chakavu! Ya zamani ilikuwa mbili kwa moja, hii ni tatu kwa moja, kwa hiyo rafadha nayo lazima iwe kubwa zaidi. Fundi kaikagua, kasema ni nzima na inazunguka upande uleule. Nikaivaa sura ya mtu aliyepanga yote hayo. Mke wangu kaniuliza kama Jumamosi bado ipo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaenda kumpigia kaka yake simu, chumba cha pili, mlango umefungwa. Iliniuma, sifichi.

Alhamisi, 12 Juni
Rafadha mpya, pana kama sinia, ya kuzunguka kushoto kama nilivyoagiza. Fundi kaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwonyesha kiganja. Imefungwa, na nafasi ya vidole vitatu imebaki kati yake na mashua. Kreni iliyotupandisha asubuhi ikatushusha majini jioni. Nimelala kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeweka gia ya mbele. Mashua ikarudi nyuma, kwa nguvu ambazo haijawahi kuwa nazo, ikaibusu boti ya shemeji ubavuni. Alikuwa ndani, anakunywa chai.

Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Kaniuliza nilitazama nikiwa wapi. Nikamweleza. Kumbe upande hutazamwa ukiwa nyuma ya mashua! Mimi nilikuwa upande wa mbele, kwa hiyo kulia nikaiona kushoto. Kuibadili rafadha ni lazima kreni itunyanyue tena, nayo ina nafasi Jumanne.

Lakini akili ninayo. Kama mbele ni nyuma, basi rivasi ndiyo mbele! Fundi kaonya kwamba rivasi ya giaboksi hii ni ya kuegeshea tu, haihimili safari. Nikamshukuru sana.

Jumamosi, 14 Juni
Tumeondoka na rivasi. Mke wangu kavaa gauni la bluu, kapakata furushi la nguo za mtoto. Dakika arobaini tumeteleza vizuri. Kisha harufu. Kisha moshi. Kisha kimya.

Shemeji, aliyekuwa anatufuata kwa mbali, akasogea na kamba tayari mkononi. Nikashindwa kumtazama mke wangu. Nikamwambia ahamie boti ya kaka yake, awahi kumwona mtoto. Akaweka furushi chini, akasimama, akaanza kufungua tanga.

"Kaka, tangulia," alisema. "Waambie bibi na babu wako njiani."

Shemeji akaondoka. Mke wangu akanipa kamba nishike.

"Miaka kumi na minne nangoja uzime hiyo mashine," akaniambia.

Nikaivuta kamba hadi tanga likajaa. Tumefika baada ya mwendo wa saa nne. Ameshika usukani nusu ya njia, akiimba chini chini. Nampenda mwanamke huyu hadi najionea haya.

Jumapili, 15 Juni
Mjukuu kanishika kidole, hataki kuachia. Nimelia mbele ya shemeji. Naye kalia, nyuma ya miwani.

Tumekubaliana kurudi kwa tanga peke yake. Nimeapa mbele ya binti yangu kwamba injini sitaigusa tena, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Bahati mbaya, gatini hapa wanaikatakata tagi kuukuu, chombo cha kuvutia meli. Giaboksi yake ni kubwa kama mbuzi, na ni ya bure kwa atakayeweza kuinyanyua. Nimeipima kwa macho. Inaingia. Nitawahi asubuhi, nitasema naenda kununua mkate.

Nimevaa koti sasa hivi kuona kama spana zitaenea mifukoni. Ndani nimekuta glavu zangu za kazi, zimefuliwa na kukunjwa. Sikuzibeba mimi.