Budha Ana Gigabaiti Hamsini na Mbili

Hekaluni, Bonde la Kurami
Julai 18

Kwa Mheshimiwa Nukina Yoshiharu,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa Waumini.

YAH: KUFUNGULIWA KWA KOMPYUTA YA HEKALU NA KUTIWA KUMBUKUMBU INAYOINGIA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ssss. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu kikao cha Aprili. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwa nini kompyuta ya hekalu inahitaji kuongezewa kumbukumbu, nawe ukainamisha kichwa upande, ukavuta hewa kupitia meno kama mtu aliyeonja supu ya moto, kisha ukasema jambo hili ni zito na litatafakariwa. Wazee wote wanane wakatafakari papo hapo, macho wamefumba, na wawili wakapitiwa na usingizi. Likatafakariwa tena Mei. Likatafakariwa Juni. Najua barua ya heshima huanza kwa kuulizia joto na mvua, lakini joto hata kwako lipo, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili yasitafakariwe yote kwa mkupuo mmoja.

1. Kompyuta uliyotutunukia miaka kumi na miwili iliyopita, ofisi yenu ya ushirika wa wakulima ilipopata mpya, ndiyo yenye daftari la wafu wa bonde zima, na ndiyo inayoendesha mtambo wa kuchapa majina yao kwenye zile mbao ndefu za makaburini. Daftari hufunguka kwa dakika kumi na nne. Ubao mmoja huchukua dakika sita, na baada ya mbao tatu au nne mashine huzimia hadi kesho yake. Mwaka huu mbao za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ni mia mbili themanini na sita, na zimebaki wiki zisizotimia nne. Ulisema marehemu wana subira. Ni kweli. Wajane wao hawana.

Ninachoomba ni vipande viwili vya kumbukumbu: vya kizazi cha tatu, virefu, vya kompyuta ya mezani, gigabaiti nne kila kimoja. Vilivyotumika vinapatikana, na vyote viwili kwa pamoja havifikii bei ya samaki mkunga wa kuchoma mliokula siku ya kuvitafakari.

2. Nilipoomba basi niifungue tu mashine nione nafasi za ndani, ulinikumbusha kwamba karatasi yenye jina lako, iliyoandikwa kwa wino na kubandikwa juu ya skrubu, itachanika. Ukasema zawadi inayofunguliwa kwa bisibisi ni zawadi inayoshukiwa. Nilisoma falsafa kwa miaka minne Kyoto na sijakutana na hoja isiyo na mlango kama hiyo. Nikarudi kwenye kitabu cha maelezo cha mashine, nikahesabu nafasi kwa kusoma, kama mtu anayejifunza kuogelea mkekani.

3. Mwezi Juni uliamua kuumaliza ubishi kwa kununua kumbukumbu wewe mwenyewe. Nilikupa karatasi niliyochora kipande chenyewe kwa ukubwa wake halisi, na mkato wa ukingoni mwake mahali pake. Karatasi hiyo uliiacha garini, kwa kuwa, kama ulivyonieleza, dukani wako watu wanaojua. Anayejua alikuuliza kompyuta ni ya aina gani. Ukajibu kwamba ni ya hekalu. Akakupa kipande kifupi, cha kompyuta ya kupakata, nusu ya urefu unaotakiwa, nawe ukakifunga kwa karatasi nyeupe na kamba nyekundu, ukaandika jina lako juu, ukamletea baba yangu, kasisi. Zawadi ya muumini haitumiki kabla ya kuwekwa mbele ya Budha, na ikishawekwa hairudishwi dukani. Basi kikakaa madhabahuni, kando ya mapichi ya sadaka.

4. Mwenyekiti akitoa, nani atakaa mikono mitupu? Bwana Anpuku, seremala, alileta kipande kirefu lakini cha kizazi cha nne. Bibi Hirukawa alileta kadi ya kamera, kwa sababu mkaza mwanawe alimhakikishia kwamba hiyo nayo ni kumbukumbu. Wengine wanne walifuata, kila mmoja na kipande chake na kamba yake nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kinaingia wapi. Baba ameinama mara saba, amesoma sala mara saba. Nimejumlisha. Budha wetu sasa ana gigabaiti hamsini na mbili. Mimi nina mbili.

5. Nilipoeleza barazani kwamba mkato wa kipande cha Bwana Anpuku hauoani na nafasi, kwamba umepotoka kwa unene wa punje chache za mchele, yeye mwenyewe alijitolea kuusogeza kwa patasi. "Binti, mbao nimezinyoa miaka arobaini," aliniambia kwa upole. "Hiki nacho ni kibao tu." Wazee walipiga makofi. Mtu mmoja akapendekeza kwamba, badala ya kuharibu zawadi, zitafutwe kompyuta saba, kila moja ya kufaa kipande kilichokwisha kutolewa. Nilitarajia pendekezo hilo lizikwe kwa kicheko. Limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na litatafakariwa Septemba, Obon ikiwa imeshapita.

6. Sasa nafika mahali ambapo ningependa nisifike. Wote tunajua kwa nini mbao zinachapwa. Mkono wa kulia wa baba unatetemeka, na umekuwa ukitetemeka tangu mwaka juzi. Machipuko haya mashine ilipokataa kabisa, aliandika mbao arobaini kwa brashi, na Bibi Hirukawa akausimamisha ubao wa mumewe kaburini, akautazama, akasema mbele ya kila mtu, "Mume wangu kauandika mwenyewe huu, tena kutoka hukohuko aliko." Watu walicheka. Baba alicheka kuliko wote. Tulipoingia jikoni alikinyanyua kikombe cha chai kwa mikono miwili na kukirudisha mezani bila kunywa, na hatukulizungumza.

Wewe ulilizungumza. Wiki ile ile ulikuja na picha ya mtoto wa kiume wa pili wa kasisi wa ng'ambo ya mlima, ndani ya jalada zuri. Ulikuwa mwema, ulikunywa chai yetu, ukaniambia, "Mwanangu, kompyuta siyo shida. Hekalu linataka mkono mpya." Ukaeleza, kana kwamba sikuzaliwa humu, kwamba nyumba hii ni ya hekalu, kwamba kasisi akishindwa kazi huja mwingine, na wa kwanza hufungasha, bali kasisi mpya akiwa mkwe, hakuna wa kufungasha. Kwa hiyo kijana huyo anioe, aingie kwetu, achukue jina letu, na baba apumzike.

Naomba nikiri kwamba mbinu naitambua. Hukuuliza nafasi ina umbo gani. Ulikwenda mahali wanapojua, ukasema ni ya hekalu, wakakupa waliyekuwa naye. Sina ubaya na kijana. Huenda ana gigabaiti nyingi. Lakini siwezi kumweka madhabahuni kando ya mapichi, na naogopa Bwana Anpuku atajitolea na patasi.

7. Hoja yangu basi ni fupi. Mashine ikiwa na kumbukumbu, mbao zitachapwa. Mbao zikichapwa, hakuna atakayeutazama mkono wa baba. Asipotazamwa, atabaki kasisi hadi atakapochoka mwenyewe, na mimi sitahitaji mume wa kuendeshea mtambo. Vipande viwili virefu vinatosha kuokoa hekalu, nyumba, baba na mimi. Nasubiri kibali cha kuibandua karatasi yako.

Kama baraza litaona kibali ni kizito mno, nina pendekezo la pili, nalo ni la haki kwa mashine. Kwa kasi yake ya sasa, ukihesabu na vipindi vya kuzimia, inamudu wafu tisini tu kabla ya sikukuu. Tupunguze wafu. Napendekeza tuanze na ukoo wa Nukina, wenye marehemu thelathini na mmoja. Kwa kuwa ndio ukoo uliotoa mashine, hawatakosa kuelewa.

Nakutakia afya katika joto hili. Mfikishie salamu mkeo, ambaye matango yake ya chumvi yametufaa sana. Wasalimie pia wazee wote wanane, walio macho na waliolala. Bwana Anpuku na patasi zake. Bibi Hirukawa, ambaye nimemsamehe nusu. Yule anayejua kule dukani. Na kijana wa kwenye picha, asiye na kosa.

Wako katika utii uliobaki,

Urabe Kanae
Binti wa Kasisi

N.B. Barua hii niliiandika Jumanne ya wiki iliyopita, nikakosa bahasha. Leo ni Jumatano ya wiki ya pili, na karibu kila nilichosema hapo juu si kweli tena.

Alhamisi asubuhi, mlipokuwa uwanjani na michezo yenu ya magongo, niliilegeza karatasi yako kwa mvuke wa birika na kuifungua mashine. Haikuchanika, nimeirudisha. Ndani mna nafasi nne, na zote nne zina vipande: virefu, vya kizazi cha tatu, gigabaiti mbili kila kimoja. Jumla ni nane, zile zile nilizokuwa nakudai. Kimoja tu kilikuwa kimekaa sawasawa. Vitatu vilikuwa vimeegemea upande kwa miaka kumi na miwili, kwa kuwa aliyevitia hakuvisukuma hadi mwisho. Chini yake palikuwa na stakabadhi ya duka na mwandiko wako: "Ijazwe yote, ni ya hekalu." Uliijaza kabla ya kuitoa, na hukumwambia mtu. Hilo naliombea radhi. Malalamiko ya 3 hadi 5 bado nayashikilia.

Nilivisukuma kwa kidole gumba. Mbao mia mbili themanini na sita zilichapwa kabla ya jioni, nikazipanga ukumbini. Baba alizipitia moja moja akisoma majina, akafika mwisho, akasema, "Nzuri. Ila hamna mtu ndani yake." Akaenda kutafuta brashi. Ameshaandika upya hamsini, na anayetaka kucheka acheke, malango ya hekalu yako wazi.

Nilitaka kuichana barua hii. Baba kaisoma, kasema aliyeandika kwa hasira asifute, aitie sahihi na kuituma, na hilo ndilo fundisho lake la kwanza kwangu akiwa mwalimu wangu. Maana Jumapili alininyoa nywele zote. Nimepokea joho na jina la kitawa, ombi langu la kwenda kwenye mafunzo ya ukasisi, nije nimrithi baba, liliondoka jana na gari la posta, na picha ya kijana iko ndani ya bahasha hii, haijakunjwa. Wembe baba aliushika kwa mikono miwili, na kazi ilichukua saa nzima. Nina mikato mitatu nyuma ya sikio la kulia. Tafadhali usimuulize mbele ya watu. Yeye alitaka kuacha kwenye mkato ule wa kwanza, mimi ndiye niliyemwambia aendelee.