Kituo cha Bahari cha Nyeri

Ninayo heshima kuwaarifu wananchi wote kwamba mwaka 1974, baada ya mashauriano ya kina na chai nyingi, Kituo cha Utafiti wa Bahari kilifunguliwa rasmi mjini Nyeri.

Wapo waliouliza kwa nini kisijengwe Mombasa. Watu wa aina hiyo hawakosekani. Mkurugenzi wetu, Bwana Peterson Theuri, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika tano kutoka kituoni, aliwajibu kitaalamu: maji ya bahari huanzia mlimani, kwa hiyo sisi tutayapima yangali machanga, kabla hayajaharibiwa na chumvi. Mimi, Mathenge, karani mkuu, niliyaandika maneno hayo nikayapiga mhuri. Yakawa sayansi.

Jumuiya ya Kimataifa ya Kupima Bahari ilituletea kifaa cha kupimia maji kupwa na kujaa. Kwa kuwa bahari yenyewe ilikuwa mbali kidogo, tulikitia katika mtaro ambao wanakijiji waliuchimba kwa majembe kutoka mto Chania. Siku ya kwanza kalamu ya kifaa ilipanda asubuhi, ikashuka mchana, ikapanda tena jioni. Mkurugenzi alitokwa na machozi. Nyeri ilikuwa na bahari, tena iliyokuwa ikifanya kazi.

Ili isisumbuliwe, aliamuru mtu yeyote asiguse mtaro ule. Kesho yake mchana tulilitia kufuli lango la mbao lililo upande wa juu. Tangu hapo kalamu ikachora mstari ulionyooka kama rula.

Wiki mbili baadaye simu ya maandishi iliingia: Profesa Halvorsen wa Norwei atafika Jumamosi kujionea maji yakijaa. Kabla sijamaliza kuisoma, aliingia Mama Wachuka, mwenyekiti wa kamati ya mtaro, na debe tupu mgongoni.

"Karani, ng'ombe yangu inakunywa nini? Utafiti?"

"Mama, bahari imetulia. Tunaichunguza."

"Bahari gani? Hiyo maji ni mimi nafunguaga! Asubuhi nikimaliza kukamua, na jioni tena. Mchana nafunga, iende kwa akina Wamae ng'ambo, ni zamu yao. Nyinyi mkakuja mchana mkaweka kufuli. Sasa sisi wa huku chini ati tungoje! Jana ndama imekufa."

Nilisikitika, kwa kweli nilisikitika. Kisha nikafungua faili la ndama.

Mkurugenzi alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni.

"Mathenge, unataka kuniambia huyu mama ndiye bahari?"

"Inaonekana hivyo, Bwana Mkurugenzi."

Alimvutia kiti kwa mikono yake mwenyewe na kumsihi alifungue lango kabla ya Jumamosi. Mama Wachuka hakukaa.

"Andika hiyo mtaro ni yetu, na serikali haitaifunga tena. Weka sahihi, karani apige mhuri. Halafu nitawapatia bahari."

Barua na ufunguo wa kufuli vilikuwa tayari kabla chai haijachemka. Sijawahi kuona ofisi yetu ikifanya kazi kwa kasi ile, na sitarajii kuiona tena.

Jumamosi asubuhi Mama Wachuka alimaliza kukamua, akafungua lango. Kalamu ikapanda. Profesa akapiga makofi, akaniomba nimuulize yule mama aliyeshuka na debe lake ni nini hasa hupandisha maji haya.

"Mwambie ni mimi," alisema Mama Wachuka.

Nilimtafsiria neno kwa neno. Profesa alitabasamu kwa upole, akaandika kwamba wenyeji wana imani za kale za kupendeza sana.

Kisha alimkumbatia Mkurugenzi na kutoa mkataba wa ushirikiano. Kifungu cha tisa, ambacho Mkurugenzi alikitia sahihi bila kukisoma kwa sababu chai ilikuwa inapoa, kilisema hivi: kituo kikigundua jambo jipya, mkuu wake na karani wake watapanda meli ya utafiti kwa miezi kumi na minne, kulieleza mbele ya wataalamu. Mkurugenzi angeweza kusema ukweli na kubaki nyumbani. Alifikiri kwa muda mrefu. Mwishowe akamwagiza mkewe atafute sweta.

Naandika taarifa hii nikiwa katikati ya bahari hiyo nyingine, ile iliyoharibiwa na chumvi. Sisi wawili tunatumia ndoo moja. Wiki hii mawimbi yamekataa kutulia, na Mkurugenzi hajala tangu Jumatatu. Kiutawala, alisema, yuko afisa mmoja tu aliyewahi kusimamisha bahari. Akaniamuru nimpelekee Mama Wachuka ujumbe kwa redio ya meli, kupitia posta ya Nyeri: TAFADHALI MAMA FUNGA.

Jibu lilifika leo asubuhi. WIKI HII LANGO NI ZAMU YA AKINA WAMAE. NGOJENI ALHAMISI.

Mkurugenzi aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo akauliza leo ni siku gani.

Nilimwambia ni Ijumaa.