Jaribu, Usisakinishe

“Kujaribu siyo—”

“Bosi, nisikilize kwanza, kujaribu ni hatua tu ya—”

“Siyo kusakinisha! Waraka huu hapa, una muhuri. Umeandikwa ‘kujaribu’. Wewe unataka kunisakinishia kitu ambacho sijaandikiwa?”

“Sasa bosi, utajaribu mpaka lini?”

“Mpaka uje waraka mwingine!”

Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa cha Mama Masjala kama mpira wa watoto. Yeye alikaa katikati, kiganja juu ya laptopu yake, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kulia kwake alisimama Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Vibali vya Milango, Madirisha na Matundu Mengineyo. Kushoto alisimama Fundi Nyaya, mume wa mdogo wake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila waya kuning’inia mfukoni.

Idara hii ilikuwa nyeti. Bila kibali chake, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoboa dirisha. Madirisha ya idara yenyewe hayakuwa yakifunguka, lakini maombi yake yalikuwa yanashughulikiwa.

Asubuhi ile ubao wa matangazo ulikuwa umeamka na habari kubwa: IDARA YAINGIA ZAMA MPYA ZA MFUMO ENDESHI WA KISASA. WATUMISHI WOTE WAFURAHI KABLA YA SAA NNE. Chini yake, kwa herufi za kusomea kwa miwani, palielezwa kwamba makao makuu yameagiza kila idara ijaribu mfumo mpya kwenye kompyuta mpakato kongwe kuliko zote. Kompyuta itakayoshindwa itagongwa muhuri wa CHAKAVU na kupelekwa bohari. Na kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa, mtumishi atafuata kifaa chake.

Mama Masjala aliirudia sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Bohari ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa basi. Kila siku saa saba alitembea dakika kumi hadi nyumbani, akamgeuza mama yake kitandani, akamnywesha maji, akarudi. Mama yake hakuwa na uwezo wa kujigeuza. Ukitoka bohari saa saba, unafika saa tisa. Mgongo wa mgonjwa hausubiri saa tisa.

Na kompyuta kongwe kuliko zote ilikuwa yake. Aliiita Bibi. Ilikuwa na miaka kumi na miwili, feni inayokoroma, na herufi K iliyong’oka zamani, ikabaki kishimo unachokibonyeza kwa kofia ya kalamu. Ukiiwasha, unakwenda kuchemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, unarudi, inakuuliza wewe ni nani.

“Shemeji,” alimnong’oneza fundi, “huyu Bibi ataweza kweli?”

“Kuliko wewe shemeji. Wewe ndiyo unakoroma zaidi.”

“Mpumbavu wewe. Ngoja nimwambie mkeo.”

Fundi akacheka, akachomeka flashi ubavuni mwa Bibi. Skrini ikatoa maneno mawili: JARIBU na SAKINISHA.

Kaimu akakata utepe. Utepe rasmi ulikuwa haujaletwa, kwa hiyo akakata ule mwekundu wa kufungia mafaili, faili likamwagika, watu wakapiga makofi. Kisha akabonyeza JARIBU kwa kidole chake mwenyewe, akageuka kuhutubia. Kabla hajamaliza “Mabibi na mabwana,” Bibi alikuwa ameamka. Rangi zinang’aa. Feni kimya.

Mama Masjala alihisi machozi, akayarudisha yalikotoka.

“Sasa hapa, bosi,” alisema Fundi Nyaya, “huu mfumo unaishi ndani ya flashi. Kompyuta yenyewe hatujaigusa. Tumeona inaweza, basi tubonyeze Sakinisha, uingie ndani moja kwa moja, yaishe. Maana hii ya kujaribu ina tabia ya mlevi. Ukiizima, kesho haikumbuki kitu.”

Hapo ndipo ugomvi ulipolipuka, na Kaimu akashinda, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na waraka.

“Kama ikizimwa inasahau,” alisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, “basi isizimwe.”

Siku ile ile ikaundwa Kamati ya Kutozima. Mlinzi alitolewa getini akawekwa mbele ya soketi, na rungu lake. Geti likabaki wazi, lakini geti halikuwa na waraka. Karatasi ikabandikwa ukutani: CHAJA HII NI MALI YA ZAMA MPYA. Aliyetaka kuchaji simu aliandika barua, nakala tatu.

Mafanikio hayapendi kukaa bila mwenyewe. Siku ya tatu Kaimu alifungua daftari la vifaa, akakuta Bibi ameandikwa kwa jina la Mama Masjala. Akapiga mstari, akaandika jina lake, akagonga muhuri.

“Usijisikie vibaya, mama,” alisema. “Ni kwa ajili ya picha kubwa.”

“Picha ipi tena, mzee?”

“Ya kwangu. Wataiweka kwenye jarida.”

Tangu hapo Bibi alihamia meza ya Kaimu. Mama Masjala aliruhusiwa kumtumia saa nane hadi saa kumi, kuingiza vibali. Siku ya kwanza Fundi Nyaya aliinama akamwonyesha kitu kimoja.

“Shemeji, hii hapa ni baraza. Ukiacha kitu barazani, mlevi akilala, kimekwenda. Lakini ukifungua huku, unaingia tumboni kwa Bibi mwenyewe, kule kule kwenye mafaili yako ya zamani. Vya kwako viweke tumboni.”

“Na bosi umemwambia?”

“Mara mbili. Amesema vitu vyake lazima vikae barazani, wageni wavione.”

Na kweli vilionekana. Kaimu alikuwa anaandika Taarifa Kuu ya Mafanikio. Alikuwa amekaimu miaka minne, na taarifa hii ndiyo ingemthibitisha cheo. Aliandika wiki tatu, kurasa arobaini na moja. Kofia ya kalamu aliikataa, akasema haimfai mtu wa ngazi yake, kwa hiyo kila ukurasa ulitiwa saini na “aimu Murugenzi”.

Alhamisi, saa sita kasorobo, mkaguzi wa makao makuu akafika bila taarifa. Getini hakukuta mtu wa kumzuia. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mkoba begani, chupa ya chai mkononi, na mazoea ya kunyamaza yaliyowatia watu jasho.

Kaimu alimkaribisha kwa hotuba kuhusu Taarifa yake Kuu. Katikati ya hotuba macho yake yakaangukia ubavu wa Bibi, na rangi ikamtoka. Flashi! Kanuni ya Kwanza kabisa ya idara inasema kifaa chochote cha kigeni kisipogongwa muhuri hakipo. Kwa wiki tatu Zama Mpya zilikuwa zinaendeshwa na kitu ambacho hakipo.

Akanyoosha mkono kwa siri, akaichomoa.

“Bosi, usi—” Fundi Nyaya aliruka kutoka mlangoni.

“Nagonga muhuri tu!”

Akagonga. Flashi ni ndogo, muhuri ni mkubwa. Nusu iliingia, nusu ikaingia mezani. Mlinzi wa soketi alibaki imara, rungu mkononi. Kwake hakuna aliyepita.

Skrini ikaganda, ikawa na mistari, ikawa nyeusi. Kaimu alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akabonyeza na kishimo cha K. Kimya.

“Taarifa iko wapi?” aliuliza mkaguzi.

“Mheshimiwa, tatizo ni kifaa! Ni kichakavu, nilisema tangu mwanzo, hiki kibibi cha huyu mama ni kichakavu!” Akanyakua muhuri mwingine, akaupiga mgongoni mwa Bibi kwa nguvu za miaka minne: CHAKAVU.

Mama Masjala hakutazama muhuri. Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu. Moyoni alimwona mama yake amelala ubavu mmoja, anasikiliza mlango.

“Daftari la vifaa,” alisema mkaguzi.

Likaletwa. Akafungua, akasoma, akanywa chai kidogo.

“Hapa kifaa kimeandikwa kwa jina lako.”

“Hilo ni... hilo ni kwa ajili ya jarida.”

“Na muhuri wa chakavu umeugonga wewe, mbele yangu. Kanuni ya Tisa: mtumishi atafuata kifaa chake.”

Hapo feni ikakoroma. Bibi, kwa mwendo wake wa siku zote, alikuwa anaamka. Mfumo ulikuwa ule ule wa kale, haukuguswa hata chembe. Ikauliza wewe ni nani. Mama Masjala akachukua kofia ya kalamu, akajibu. Vibali vyote vikajipanga, mia tatu na kumi na viwili, pamoja na vya wiki tatu zile. “Hivi vilikuwa tumboni,” Fundi Nyaya alimweleza mkaguzi, “vya bosi vilikuwa barazani.” Barazani palikuwa peupe.

“Imeamka!” alipaza sauti Kaimu. “Siyo chakavu! Nafuta!”

“Muhuri haufutiki,” alisema mkaguzi. “Kanuni inasema mtumishi anaondoka siku hiyo hiyo. Kifaa kinasubiri gari la idara. Gari la idara lilikuja lini mara ya mwisho?”

“Mwaka juzi,” walijibu wote.

“Basi kifaa kitasubiri. Wewe tangulia bohari, chenyewe kitakufuata.”

Akamtazama kidogo. “Miaka minne umekaimu. Kuna kitu ulikiweka tumboni?”

Kaimu alivuta droo ya meza. Akaanza kukusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi, taratibu, akianza na mihuri. Mkaguzi akamnyang’anya mihuri. Kisha akamgeukia Mama Masjala.

“Mama, kiti kile hakiwezi kukaa wazi. Nakuomba ukikalie. Kwa kujaribu tu kwanza.”

Watu wakasubiri ashukuru. Fundi Nyaya alishaanza kupiga vigelegele, akajikuta peke yake, akaacha.

Mama Masjala aliokota flashi yenye nusu muhuri, akaifuta kwa kitenge chake, akaichomeka tena kwa Bibi, akamzima, akamwasha upya. Maneno mawili yakatokea. Akamtia mkaguzi ile kofia ya kalamu kiganjani, akatwaa mkoba wake.

“Mwanangu,” alisema, “kujaribu nimeuona mwisho wake. Mimi nakwenda kumgeuza mama yangu, nusu saa tu. Nikirudi, naomba nikute umebonyeza Sakinisha. Kwa Bibi, na kwangu.”