Mchujo wa Chuo cha Sheria, Nachingwea

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nimefungua chuo cha sheria! Kwenye jengo la bati walilokuwa wanaokea mikate Wazungu wa ule mradi wa karanga uliokufa. Ukisogeza pua ukutani, mkate bado unanukia. Nikakumbuka miaka ile. Trekta zinanguruma, king'ora cha asubuhi, taa za umeme! Sasa kunguru tu.

Liwali kasema nikipata wanafunzi kabla ya baraza la Jumamosi, jengo langu. Nikikosa, anapewa Bernardo fundi cherehani afundishe kushona. Mke wangu Mwanne naye kasema jengo likienda, tunarudi kwao Mbekenyera kulima ufuta. Mimi, mtu wa mjini!

Nakiri, Mungu ananiona: sheria sijasoma. Nilikuwa tarishi wa mahakama Lindi, nabeba mafaili. Lakini kubeba nako ni kusoma kidogo.

Jumanne, 4 Agosti
Wamekuja watu sita. Nimewakataa wote! Ni mbinu. Chuo kinachopokea kila mtu ni gulio. Ukimkataa mtu leo, kesho anakuja mbio.

Nimewauliza: kuku wa jirani akila ufuta wako ulioanika, mkosaji nani? Teodosia, binti kutoka kijiji cha Mnero aliyesoma misheni, kajibu kwamba kwanza tujue kama ufuta ulikuwa na mlinzi. Jibu zuri mno. Nikamkataa kwa sababu mimi mwenyewe sikulifikiria. Naomba toba. Akauliza jibu langu ni lipi. Nikamwambia hilo linafundishwa mwaka wa pili.

Jumatano, 5 Agosti
Hakuna aliyekuja mbio. Wala kwa kutembea.

Alhamisi, 6 Agosti
Kaja Saburi, Mngoni aliyeletwa na kazi ya karanga akabaki. Wangoni na sisi Wamwera ni watani tangu mababu. Nikamuuliza swali la kuku. Kajibu mkosaji ni mwenye ufuta, maana Mmwera mvivu hata kusema "shii", na kuku alikuwa anamsaidia kuvuna. Watu dirishani mbavu hawana! Akasema mateka wa babu yake siku hizi anajiita mwalimu, basi ampishe bwana wake kiti. Akakaa kwenye kiti changu.

Zamani ningemjibu kwamba babu yake alikimbia vita akasahau ngao. Enzi za karanga tulikuwa tunachambana hivyo kila jioni, huku tunakula muhogo sahani moja, mpaka machozi. Jioni tamu zile! Lakini leo mimi ni mkuu wa chuo. Nikasimama. Nikasema nitamshitaki kwa Liwali kwa matusi.

Kicheko kikakatika. Nikadhani ni heshima.

Jumamosi, 8 Agosti
Barazani. Aibu! Liwali kaniuliza kama nina homa. Nani kamsikia mtu anamshitaki mtani wake kwa utani? Teodosia kaomba ruhusa ya kusema. Kasema sheria hii hata mtoto anaijua, sasa mwalimu asiyeijua atatufundisha ipi? Saburi kaniombea msamaha. Kasema nisiumizwe, maana siku nikifa yeye ndiye mtani wa kunizika, na koti langu keshaliona, linamtosha. Baraza zima hoi.

Liwali akauliza wanafunzi wako wapi. Nikasema chuo kinachagua sana. Akauliza kimemchagua nani.

Jengo kapewa Bernardo. Mwanne kaanza kufunga vyungu.

Jumatatu, 10 Agosti
Jana nilikwenda kwa Saburi kuomba radhi. Kasema radhi ya Mmwera haiingii bila kuku. Nikapeleka jogoo. Akamchinja, akanitukana mimi na ukoo wangu wote, tukala pamoja. Nilicheka kama zamani. Kidogo nilie.

Leo nimejiandikisha kushona, ili Mwanne afungue vyungu. Kavifungua viwili tu, anasubiri aone. Bernardo kanipokea bila swali. Teodosia yumo. Saburi yumo. Wale wote niliowakataa wamo, na kila mmoja kanisogezea nafasi kwenye benchi. Nimetubu kweli. Mtu mzima hajifunzi ila kwa kuumia.

Lakini nimekaa pale naangalia, nikaona kosa kubwa. Bernardo anapokea kila mtu. Mtu yeyote! Hata mimi! Chuo gani hicho? Kesho asubuhi nitamshauri aanze mchujo. Maswali nitamtungia mimi.